Kutoka Faili Hadi Deki: Mwongozo wa Kuandaa Diski ya Sauti ya Ubora wa Juu

Kurekodi kumekwisha. Kikundi cha taarabu kimepiga nyimbo nane, dakika 52 kwa jumla: fidla, kanuni, udi, akodiani, dumbaki, na mwimbaji ambaye hakukubali kurudia hata ubeti mmoja. Faili zimelala kwenye kompyuta yako, biti 24 kwa kilohezi 96. Mzee wa kikundi anakuja na ombi dogo: "Mwanangu, nataka kitu cha kushika mkononi. Nikimpa mtu aweke kwenye deki yake, asikie tulivyopiga."

Ukimtumia MP3 kwa simu, umemnyima. Ukimchomea CD, umempa kitu kizuri, lakini umepunguza ulichorekodi. Iko njia ya tatu: diski ya DVD inayobeba sauti ileile iliyotoka studio, na inayoweza kuchomwa kwa kompyuta ya kawaida. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, fundi wa studio ndogo, mwalimu wa kwaya au mtunza kanda za zamani, unayetaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe bila kuharibu diski nyingi.

Kwanza, kwa nini

CD, ambayo Philips na Sony waliafikiana vipimo vyake mwaka 1980, huchukua sampuli 44,100 za sauti kwa kila sekunde, na kila sampuli ina biti 16. Kiasi hicho kinafika kwenye kilohezi 20, ukingoni mwa usikivu wa binadamu, ndiyo maana CD iliyotengenezwa vizuri bado haichuji. Biti nazo hupima umbali kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kila biti moja ni kama desibeli 6, kwa hiyo biti 16 ni desibeli 96, na biti 24 kwa hesabu ya karatasini ni desibeli 144.

Tusidanganyane: hakuna chumba wala spika itakayokupa desibeli 144. Faida kubwa ya biti 24 iko studio. Unarekodi kwa kiwango cha chini bila hofu ya sauti kupasuka, unarekebisha, na mvumo hauongezeki. Faida kwa msikilizaji inatoka kwingine. Mtu anayeweka diski ya namna hii amekaa kitako kusikiliza. Hashindani na honi za daladala, kwa hiyo huna haja ya kuubana muziki ili upige kelele. Diski hubeba ulichoipa. Ukiipa muziki uliobanwa, itaubeba ukiwa umebanwa vilevile.

Vipimo vya DVD-Audio, yaani DVD iliyobuniwa kwa ajili ya sauti, vilitolewa mwaka 1999. Mwaka huohuo Sony na Philips walileta SACD, yenye biti moja tu lakini sampuli 2,822,400 kwa sekunde. Hakuna kati ya hizo mbili iliyoshika soko la kawaida. Kwako wewe tofauti ni moja: SACD lazima ifyatuliwe kiwandani, lakini DVD-Audio unaichoma mezani kwako kwenye DVD-R tupu.

Nyumba yenye milango miwili

Shika jambo hili kabla ya mengine yote. Diski unayoitengeneza ina folda mbili. AUDIO_TS husomwa na deki zinazoijua DVD-Audio. VIDEO_TS husomwa na deki yoyote ya DVD, hata ile ya sebuleni iliyozoea filamu. Deki ya kawaida ikikuta AUDIO_TS peke yake itasema hakuna diski, na mzee atadhani umemdanganya.

Bahati nzuri, DVD ya picha nayo inaruhusu sauti ya stirio isiyobanwa ya biti 24 kwa kilohezi 96. Basi weka albamu hiyohiyo pande zote mbili. Anayeingia kwa mlango wa mbele na anayeingia kwa mlango wa uani wakutane ukumbi mmoja.

Angalia tofauti moja: AUDIO_TS inapokea kilohezi 44.1, 48, 88.2, 96, 176.4 na 192. VIDEO_TS, kwa sauti isiyobanwa, inapokea 48 na 96 tu. Ukijua tangu mwanzo kwamba kazi itaishia kwenye diski hii, rekodi kwa 48 au 96.

> KISANDUKU: HESABU YA NAFASI
>
> Sampuli kwa sekunde × biti × chaneli ÷ 8 = baiti kwa sekunde.
>
> Diski ya DVD-R ya tabaka moja ina baiti bilioni 4.7. (Windows itakuonyesha kama GB 4.38. Hujaibiwa, inahesabu kwa namna nyingine.)
>
> Stirio ya biti 24, bila kubanwa:
> - kilohezi 48: MB 17.3 kwa dakika. Diski nzima dakika 272
> - kilohezi 96: MB 34.6 kwa dakika. Diski nzima dakika 136
> - kilohezi 192: MB 69.1 kwa dakika; diski nzima dakika 68
>
> Albamu yetu ya dakika 52 kwa kilohezi 96 ni MB 1,797. Ukiiweka mara mbili, AUDIO_TS na VIDEO_TS, ni MB 3,594. Inabaki zaidi ya GB moja kwa ajili ya picha na menyu.
>
> Kwa mpango huu wa milango miwili, usivuke dakika 60.

Ukitamani kilohezi 192, tazama hesabu tena: albamu moja ya 192 inakula nafasi sawasawa na albamu mbili za 96. Binafsi huchagua 96 mara mbili, kwa sababu diski inayochezeka kwa kila mtu ni bora kuliko namba kubwa kwenye jalada.

Sauti ya kuzunguka ya chaneli sita ni habari nyingine. Kwa biti 24 na kilohezi 96 inahitaji megabiti 13.8 kwa sekunde, na DVD-Audio haipitishi zaidi ya megabiti 9.6. Hapo huna budi kutumia MLP, mbano usiopoteza chochote uliobuniwa na kampuni ya Meridian ya Uingereza, na programu yenye leseni yake. Kama hii ni diski yako ya kwanza, baki na stirio.

Vifaa na programu

Unahitaji kompyuta yenye kichomeo cha DVD, hedifoni nzuri, spika unazozijua, DVD-R tupu za chapa unayoiamini, na betri ya akiba ya UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo ni ya kutupa.

Programu zinagawanyika kwa kazi:

- Kuhariri na kumasta: WaveLab na Sequoia ni za kitaalamu. REAPER ni ya bei nafuu na inatosha kabisa. Audacity ni ya bure na inatoa faili za biti 24.
- Kuunda DVD-Audio: discWelder ya Minnetonka Audio ilikuwa chombo cha wengi, na WaveLab toleo la 5 na la 6 zilikuwa na sehemu yake. HD-Audio Solo ya Cirlinca ni nyepesi kwa anayeanza. dvda-author ni ya bure, ila unaiendesha kwa kuandika amri.
- Kuunda upande wa VIDEO_TS: Lplex ni ya bure, na inageuza faili za WAV kuwa DVD ya picha yenye sauti isiyobanwa.
- Kuchoma: ImgBurn, ya bure, kwa Windows.

Programu za DVD-Audio nyingi ni za zamani. Ukipata inayofanya kazi kwenye kompyuta yako, usiiguse hiyo kompyuta kwa masasisho mpaka umalize kazi.

Hatua kwa hatua

1. Funga faili asili. Nakili rekodi zote sehemu mbili tofauti kabla ya kufanya chochote, kisha fanyia kazi nakala. Hakikisha pia faili ni kile kinachodaiwa. Ifungue kwenye programu inayoonyesha spektra. Faili ya kilohezi 96 ambayo sauti yake yote inakatika ghafla kwenye 22 huenda ilikuwa CD iliyovishwa nguo kubwa. Ikikatika kwenye 16, shuku MP3. Kuongeza sampuli hakurudishi kilichopotea. Kunajaza diski tu.

2. Sikiliza mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitu. Vaa hedifoni, shika kalamu, andika dakika na sekunde ya kila dosari. Katika biti 24 mambo madogo hujitokeza. Niliwahi kusikia mdundo laini, wa mbali, chini ya taksimu ya udi. Nikadhani ni mguu wa mpigaji. Nikasikiliza tena: ulikuwa unarudi kwa mpangilio uleule hata pale udi uliponyamaza. Lilikuwa pangaboi la chumba cha pili, lenye ubawa mmoja uliolegea. Lingefunikwa na mlio wa kaseti, lakini hapa lilikaa wazi kama mpigaji mwingine. Tafuta pia mvumo wa umeme, ambao kwetu hukaa kwenye hezi 50 na mara zake: 100, 150. Upunguze kwa kichujio chembamba kwenye namba hizo, na uache besi iliyo jirani.

3. Masta kwa mkono mwepesi. Fuata mpangilio huu:
   - a) Ondoa dosari ulizoziandika.
   - b) Sawazisha rangi ya sauti. Ukijikuta unapandisha au kushusha zaidi ya desibeli 3, rudi kwenye miksi. Tatizo liko huko.
   - c) Linganisha nyimbo kwa masikio, ukitumia sauti ya mwimbaji kama kipimo. Asionekane amesogea mbele wimbo wa tatu na kurudi nyuma wa nne.
   - d) Weka limita mwisho, ikishika vilele vichache tu. Iwe na uwezo wa kupima kilele halisi, na ukomo wake uwe desibeli −1. Vilele vya kweli huzaliwa kati ya sampuli, pale deki inapogeuza namba kuwa mawimbi, na mita ya kawaida haivioni.

   Ikiwa limita inawaka muda wote, shusha kiwango. Msikilizaji ana kitasa cha sauti.

4. Panga pumzi kati ya nyimbo. Usiweke sekunde mbili kila mahali kwa mazoea. Acha mlio wa mwisho wa kanuni ufe wenyewe, hesabu pumzi moja, ndipo wimbo unaofuata uanze. Ikiwa ni onyesho la ukumbini, usikate makofi. Kwenye upande wa VIDEO_TS lifanye onyesho lote kuwa taito moja yenye sura nyingi, kwa kuwa deki nyingi husita kidogo zinapohama kutoka taito moja kwenda nyingine.

5. Toa faili za mwisho. Kila wimbo WAV, stirio, biti 24, kilohezi 96. Zipe majina mafupi yenye namba mbele: 01, 02, 03. Usichanganye vipimo ndani ya albamu moja, maana deki hunyamaza kwa kitambo kila vipimo vinapobadilika. Ukihitaji toleo la CD pia, litoe peke yake kutoka masta hii: shuka hadi 44.1 na biti 16, na weka ditha (mvumo mdogo wa makusudi unaolainisha kupunguzwa kwa biti) mara moja tu, mwisho kabisa.

6. Unda diski. Kwenye programu ya DVD-Audio, weka nyimbo katika kundi la kwanza. Diski inaruhusu makundi hadi 9, na kila kundi nyimbo hadi 99, lakini kundi moja linamtosha msikilizaji. Ongeza picha moja ya jalada kama programu inaruhusu. Menyu iwe rahisi, na diski ianze kupiga yenyewe bila mtu kuwasha televisheni. Kisha unda VIDEO_TS, na uziweke folda zote mbili pamoja. Ukizifungua, upande wa AUDIO_TS uwe na faili za IFO na AOB, na upande wa VIDEO_TS uwe na za IFO na VOB. Usibadilishe jina la hata moja.

7. Tengeneza faili ya ISO kwanza. Usikimbilie kuchoma. Ifungue ISO kwenye kompyuta, sikiliza sekunde kumi za mwanzo na za mwisho za kila wimbo, kisha uikokotolee namba ya uhakiki ya MD5 na uiandike daftarini. Mwaka kesho utajua kama faili imeharibika.

8. Choma. Tumia DVD-R, inayokubaliwa hata na deki nyingi za zamani. Mfumo wa faili uwe ISO 9660 pamoja na UDF 1.02. Chagua mwendo wa kati, 4x au 8x. Funga diski kabisa, na uamuru programu ihakiki baada ya kuchoma.

9. Jaribu kwenye deki tatu. Moja inayoijua DVD-Audio ukiipata, moja mpya ya kawaida, na moja kuukuu. Sikiliza kwa waya za analogi au HDMI. Waya wa mwanga au wa koaksia unaotoka kwenye deki nyingi hushusha sauti hadi kilohezi 48, nawe utailaumu masta bure.

10. Ndipo uzalishe. Nakala chache zichome mwenyewe. Nakala nyingi zipeleke kiwandani, na kabla ya kukabidhi uliza wanapokea nini: diski masta, ISO au DDP (faili za masta za kiwandani). Andika makubaliano na wasanii kabla diski haijauzwa, na usajili kazi kwenye chombo cha hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya.

> KISANDUKU: TAHADHARI
>
> - Usibandike karatasi ya gundi juu ya DVD. Diski inazunguka kwa kasi. Karatasi huivuruga mizani na joto huikunja.
> - Andika kwa kalamu ya wino wa maji, kwenye duara la ndani la plastiki.
> - Pwani, unyevu na chumvi havina huruma. Hifadhi diski zikiwa zimesimama, ndani ya kasha gumu, mbali na dirisha.
> - Diski ya kuchoma si ghala. Masta halisi ni faili zako kwenye diski kuu mbili, zikikaa nyumba mbili.

Makosa yanayojirudia

*Kujaribu kwenye kompyuta peke yake.* Hili nililifanya mimi. Nilichoma nakala thelathini, zote zikapiga vizuri mezani kwangu. Kwa mzee wa kikundi, deki ikazunguka, ikanguruma, ikaandika kwamba hakuna diski. Nilikuwa nimeacha diski wazi ili niongeze picha baadaye. Kompyuta ilivumilia, deki ikakataa. Thelathini zote zikawa vioo vya kufukuzia ndege shambani.

*Kukuza kaseti ya zamani kwa namba kubwa.* Kwa kanda za analogi, muungano wa kimataifa wa hifadhi za sauti, IASA, unapendekeza angalau biti 24 na kilohezi 48, na hifadhi nyingi hutumia biti 24 na kilohezi 96. Inatosha. Ukishaweka kipimo hicho, safisha kichwa cha deki ya kaseti na urekebishe pembe yake. Hapo ndipo sauti ya juu inaporudi.

*Kumasta usiku wa manane.* Masikio yaliyochoka huomba sauti kali. Lala, sikiliza asubuhi, ndipo uamue.

*Kusahau anayebaki na kompyuta isiyo na deki.* Mpe pia faili za FLAC za biti 24. Zinabana bila kupoteza, na huokoa sehemu kubwa ya nafasi.

*Kununua kichomeo cha Blu-ray mapema.* Blu-ray ya tabaka moja ina GB 25 na inabeba sauti hii bila jasho, lakini uliza kwanza wangapi kati ya wasikilizaji wako wana deki yake.

> ORODHA YA UKAGUZI KABLA YA KUKABIDHI
>
> ☐ Faili asili ziko sehemu mbili
> ☐ Vipimo vya nyimbo zote ni sawa
> ☐ Kilele halisi hakijavuka desibeli −1
> ☐ Mvumo na dosari zote za daftarini zimekaguliwa
> ☐ AUDIO_TS na VIDEO_TS zote zina faili
> ☐ Jumla haijavuka baiti bilioni 4.7
> ☐ Diski imefungwa na kuhakikiwa
> ☐ Imepiga kwenye deki tatu tofauti
> ☐ Namba ya MD5 imeandikwa
> ☐ Makubaliano yametiwa saini

Ukimaliza orodha hii, bado kuna kipimo kimoja. Mpelekee mzee nakala ya kwanza, iweke kwenye deki yake mwenyewe, kaa kimya. Asipouliza habari za biti wala kilohezi, bali akamtaja kwa jina mpigaji aliyechelewa kidogo kuingia kwenye wimbo wa pili, choma zilizobaki.